Nani anashika habari za watu wa Kisangani: Serikali, kampuni, ao kaye ya kabine?

Kisangani, watu wanapunguza sauti kwa telefoni. Maneno yakifika kwa siasa ao kwa vita ya mashariki, mmoja anasema: tuiache hii, tutaonana. Woga huo una sababu zake na haukuanza leo. Lakini mtu huyo huyo, akimaliza simu, anaenda kwa kabine kutuma pesa. Anataja numero yake kwa sauti, anataja kiasi, anatoa karte ya mchaguzi, na jina lake linaandikwa ndani ya kaye pamoja na majina ya wote waliopita pale toka asubuhi. Hapo haogopi kitu.

Wengine, hasa vijana wa chuo kikuu, wanasema kinyume. Kwao Serikali haina nguvu ya kusikiliza watu wote, hata umeme unaikatikia. Hatari ni Facebook, ni kampuni za simu, ni zile programu zinazoomba ruhusa ya kila kitu. Mabishano haya ni ya kila siku na kila upande unashika kipande cha ukweli. Lakini wote wanapita kando ya jambo moja. Katika inchi hii kampuni ndiyo inakusanya, na Serikali inakuja kuchota pale pale. Kuuliza ni nani mbaya zaidi kati ya hao wawili ni kama kuuliza maji ya kisima kimoja yanachotwa na ndoo gani.

Pesa ilirudi midomoni, orodha ilisahaulika

Mfano ulio wazi, kila mwenye telefoni aliulipia. Septemba 2020, Augustin Kibassa Maliba akiwa waziri wa posta na mawasiliano, ARPTC, mamlaka inayosimamia kampuni za simu, ilianzisha Registre des appareils mobiles, ile iliyojulikana kwa jina la RAM. Maelezo yalikuwa mazuri: kupigana na telefoni za bandia na kusaidia kutafuta zile zilizoibiwa. Kila telefoni ilipaswa kutambuliwa kwa IMEI yake, ile numero ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Bei ilikuwa dola 1 kwa mwaka kwa telefoni ya 3G na 4G, na dola 0.17 kwa ile ndogo ya 2G.

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Mtu anaweka unite ili aongee na mama yake kule Opala ao Isangi, kabla hajapiga anakuta zimepungua, bila kuulizwa na bila kupewa karatasi. Kelele zilifika mpaka Bungeni, na mwanzoni mwa 2022 RAM ikafutwa. Furaha ilikuwa kubwa, na mambo yakaishia pale.

Shida ni kwamba kelele zote zilikuwa juu ya pesa. Swali la orodha halikuulizwa kwa nguvu. Ili kukata ile dola moja, ilihitajika kwanza kujua telefoni gani inatumia numero gani, na numero gani imeandikishwa kwa jina la nani. Na IMEI inafuata telefoni, haifuati karte sim. Mtu anayetupa numero yake ya zamani ili asipatikane tena, akiweka mpya ndani ya telefoni ile ile, mashini za kampuni zinaona ni telefoni ile ile. Orodha ya namna hii, ikatwe pesa ao isikatwe, ni chombo cha kujua nani ni nani. Kodi inaweza kufutwa kwa tangazo la redio. Orodha haifutwi vile; inafutwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, na mwingine asiyehusika anasimama pembeni kuhakikisha. Kwa mwenye telefoni wa Kisangani, dalili pekee kwamba RAM imekufa ni kwamba unite hazikatwi tena.

Angalia pia nani alifanya nini. Serikali iliamua. Vodacom, Airtel, Orange ndizo zilikata, kwa sababu ndizo zinazoshika unite na majina. Hakuna polisi aliyegonga mlango wa raia hata mmoja.

Ilikuwa vile vile kwa kufunga intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima na haikurudi mpaka karibu siku 20 zikapita, Januari 2019. Ilishakatwa pia Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Sheria ya mawasiliano ya 2002 iliruhusu Serikali kusimamisha mawasiliano kwa ajili ya usalama, na kampuni zilitii. Mwanzoni mwa 2025, M23 ilipoingia Goma, X na TikTok zilizuiwa. Vijana wengi wakakimbilia VPN za bure. Njia ilifunguka, ndiyo, lakini wachache walijiuliza ile VPN ni ya nani. Kila ukurasa unaofungua unapita kwa mwenye VPN, na mwenye VPN ya bure lazima ale kutoka mahali fulani. Hivyo mtu anakimbia Serikali yake na kuangukia mikononi mwa kampuni asiyoijua jina wala inchi.

Kampuni inajua nini, kweli?

Hapa kuna makosa mengi ya kuelewa. Watu wanafikiri kuchunguzwa ni kusikilizwa, mtu mmoja aliyeketi Kinshasa na vyombo masikioni. Hiyo inawezekana, na sheria ya mawasiliano ya 2020 ina vifungu vyake juu ya kunasa mazungumzo. Lakini kusikiliza ni kazi ngumu, inakula watu na saa. Kilicho rahisi ni kusoma alama.

Kwa kila simu, mashini ya kampuni inaandika numero iliyopiga, numero iliyopigiwa, saa, dakika zilizotumika na antene iliyobeba simu ile. Maneno hayamo, lakini mara nyingi hayahitajiki. Mtu akiwa Makiso asubuhi, akivuka mto kwenda Lubunga saa sita, akirudi kulala Kabondo, antene zinamwandikia safari yake. Wawili wanaosema hawajuani, lakini wanapigiana kila usiku saa tano, kampuni inajua. Ukiongeza M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, kunaingia nani anamlipia nani: pesa ya shule, dawa, mchango wa kilio, chumba cha mtu ambaye nyumbani hawamjui. Wakati wa Mobutu, kukusanya habari za kiasi hicho kulihitaji mtu wa kupeleleza kwenye kila avenue, na bado angekosea. Leo habari hizo zinakusanyika zenyewe, na raia ndiye anayelipia unite.

Kwa WhatsApp, ujumbe unafungwa toka 2016 kiasi kwamba hata Meta yenyewe, kampuni yenye WhatsApp, haisomi ndani. Lakini nani anaandikia nani, lini na mara ngapi, hiyo si siri kwa Meta. Na kufuli lote linafunguka siku telefoni yenyewe inapokamatwa.

Stanis Bujakera aliijua hiyo. Mwandishi huyo wa habari alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023, juu ya makala ya Jeune Afrique iliyotaja barua inayosemwa ni ya idara ya upelelezi ANR, kuhusu kifo cha Chérubin Okende, mbunge na waziri wa zamani aliyekutwa amekufa ndani ya gari lake Julai 2023. Makala haikuwa na sahihi ya Bujakera. Telefoni zake na kompyuta zilichukuliwa. Mashtaka yalisema alama za ndani ya picha zilionyesha kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisambaza barua hiyo kwa WhatsApp. Mtu yeyote anayejua WhatsApp anajua kwamba inatoa alama hizo kwenye picha kabla ya kuipeleka. Hata hivyo, tarehe 18 Machi 2024 alihukumiwa miezi sita na faini ya franka milioni 1. Alikuwa ameshapita miezi hiyo gerezani, akatoka kesho yake.

Kesi hiyo ina funzo kwa mtu asiye mwandishi pia. Bujakera alikuwa na wanasheria, na dunia nzima ilimpigia kelele. Mwenye toleka wa Mangobo ambaye telefoni yake inafunguliwa kwenye kizuizi cha barabara, na picha moja ya kikundi cha WhatsApp inaonekana hata kama hakuipiga yeye, hana kelele ya namna hiyo nyuma yake.

Sheria iliyoamka upande mmoja

Si kwamba sheria hakuna. Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri, barua zake na mawasiliano yake, na inasema haki hiyo inaguswa tu pale sheria inaporuhusu. Na tarehe 13 Machi 2023 ilitoka sheria kubwa ya mambo ya kidijitali, Code du numérique. Ndani yake kuna sehemu ndefu juu ya habari za mtu binafsi. Anayekusanya lazima aseme kwa nini, asichukue kupita kile anachohitaji, na mwenye habari anaweza kuomba kuziona, kuzisahihisha na hata kuzifuta. Kumetajwa pia mamlaka ya kulinda habari hizo.

Kitabu hicho hicho kina kifungu cha 360. Kinamfunga mwezi mmoja mpaka miezi sita anayeanzisha ao kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao, na faini yake ni franka 500,000 mpaka milioni 1. Kifungu hicho kilikuwa kati ya vile vilivyotumiwa dhidi ya Bujakera, miezi sita tu kisha sheria kutoka. Nusu ya kuadhibu ilipata kazi haraka. Ile nusu ya kulinda, mtu wa Kabondo akitaka kuitumia, aanzie wapi? Mlango anaoujua ni wa polisi na wa parquet, na wengi hawapendi kuugonga hata wakiibiwa mbuzi.

Kuko na la kusemea Serikali. Inchi iko vitani, miji miwili mikubwa ya mashariki ilianguka mwanzoni mwa 2025, watu wanatekwa, wezi wa mobile money wanamaliza pesa za wajane kwa simu moja ya uongo. Serikali isiyotafuta kujua nani anaongea na adui ingekuwa inalala kazini. Kuandikisha karte sim kwa majina kuna maana, na nchi nyingi zinafanya hivyo. Swali ni kama namna inavyofanywa hapa inawakamata wezi kweli, ao inawalisha.

Karte moja kwa kila kitu

Kongo haijahesabu watu wake toka 1984, na raia wa kawaida hana kitambulisho kingine isipokuwa karte ya mchaguzi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba karte ya kweli ya utaifa inakuja; mkataba wa dola bilioni 1.2 ulihusu kampuni Afritech pamoja na Idemia ya Ufaransa. Uliwekewa maswali juu ya bei, ukavunjwa 2024. Tena, mabishano yalikuwa juu ya pesa. Kwamba vidole na nyuso za wakaaji wote wa inchi zingepita mikononi mwa kampuni za biashara, hilo lilizungumziwa kidogo sana.

Basi imebaki ile karte ambayo watu wa Tshopo walipanga mstari kuichukua Februari na Machi 2023. Wino wake ulifutika haraka, kila mtu anajua. Wengine sasa wanabeba karte nyeupe kama bahasha. Lakini hebu tazama kile kilichoandikwa pale kabla hakijafutika. Si jina na picha peke yake. Kuko jina la baba, jina la mama, adresi, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na mstari wa asili: jimbo, teritware, sekta. Mtu akisoma sekta yako, mara nyingi ameshajua kabila lako. Mji huu uliona mwaka 2023 ugomvi wa Wambole na Walengola kule Lubunga, nyumba zikachomwa, watu wakavuka mto na magodoro kichwani. Katika mji wa namna hiyo, mstari wa asili si kitu cha kuacha kila mahali.

Na unaachwa kila mahali. Fotokopi ya karte ya mchaguzi inaombwa kununua karte sim, kufungua konti, kupokea pesa kutoka mbali, kuandikisha mtoto, kuomba kazi, kupokea msaada. Nyumba za fotokopi za Makiso zinaishi kwa hiyo. Nakala mbaya, ile iliyotoka nyeusi, inatupwa kwenye sanduku, na kesho inafungia karanga. Hakuna upelelezi hapo, wala tamaa ya kampuni. Ni uzembe tu, lakini madhara yake ni ya kweli. Mwizi wa mobile money hatumii karte sim iliyoandikwa kwa jina lake. Anatafuta ya mwingine, na ya mwingine inapatikana kwa mwenye fotokopi ya mwingine. Siku upelelezi unapofuata numero ile, unafika kwa mama anayeuza pondu sokoni, ambaye hata hajui kwamba ana numero tatu kwa jina lake.

Ndiyo maana ile hoja ya usalama, kusanya sana ili tukamate wabaya, inavunjika katikati. Kukusanya sana bila kushika vizuri kunawapa wabaya majina ya kujificha.

Jambo moja la hapa Kisangani linaomba uangalifu wa pekee. FRIVAO, mfuko wa fidia kwa wahanga wa vitendo vya Uganda, una makao yake katika mji huu, kwa sababu vita ya siku sita ya Juni 2000 ilipiganwa hapa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65. Anayedai fidia anatoa jina, adresi, picha, karatasi za hospitali, habari za kifo, pengine habari za kubakwa. Ni vigumu kufikiria faili nyeti kuliko hiyo katika jimbo lote. Mashirika ya raia yamepiga kelele nyingi juu ya nani amelipwa na nani hajalipwa, na wanafanya kazi yao. Uwazi unahitajika ili majina ya uongo yasiingie. Lakini orodha ikiwa wazi kabisa, mwizi naye anaisoma: jina, avenue, na kwamba huyu ana dola nyumbani. Na mwanamke aliyeficha yaliyompata kwa zaidi ya miaka 20 anaweza kuacha haki yake kuliko kuona jina lake ukutani. Kuko njia ya katikati, kwa mfano kubandika numero ya faili pasipo jina, na mwenye faili peke yake ndiye anayejua numero yake. Haihitaji mashini ya bei.

Kwa jirani ilifanyikaje

Kenya ilipitisha sheria ya kulinda habari za mtu mwaka 2019 na ikaweka ofisi yenye kamishna. Ofisi hiyo si malaika, na Serikali ya kule pia inalaumiwa kwa kuchunguza watu. Lakini ina meno. Septemba 2023 ilitoza kampuni ya mikopo kwa simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000 kwa kutumia numero za watu na kuwatisha kwa ujumbe. Mwaka ule ule Worldcoin ilipopanga watu mstari Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho kwa thamani ya karibu shilingi 7,000, Serikali iliisimamisha mwanzoni mwa Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru picha zile zifutwe chini ya usimamizi wa ofisi ya kamishna. Pale ndipo tofauti na RAM inaonekana. Kule kulikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kusimama pembeni wakati wa kufuta.

Kufika hapo Kongo haihitaji sheria mpya, ile ya 2023 inatosha kuanza. Inahitaji malalamiko, kwa kuwa haki ambayo hakuna aliyeiomba, hakuna anayeiandalia ofisi. Na malalamiko ya kwanza ni madogo. Mtu anaweza kwenda kwenye duka la kampuni yake ya simu na kuuliza ni numero ngapi zimeandikwa kwa jina lake, na kuomba zile asizozijua zifungwe. Anaweza kuandika kwa bic juu ya fotokopi, kukatiza picha: kwa karte sim tu, na tarehe. Anaweza kumwambia mwenye kabine: kaka, funika ukurasa kabla ya kuandika. Wengi wao watakubali bila neno, nao pia wana majina ndani ya kaye za wengine.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, amwombe mwanasheria ao shirika la haki za binadamu la hapa mjini amsaidie kuandika barua kwa kampuni, akitegemea Code du numérique, kuuliza ni habari gani inashika juu yake, toka lini, na imempa nani. Barua inaandikwa kwa kifaransa, kopi mbili. Moja inabaki kwa kampuni. Ya pili inarudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe, na hiyo haitupwi.